Ulikuwa Umefika Mstari

Mwanangu Makena,

Najua hapo juu utacheka. Mwanangu, na mimi nina miaka kumi na minane, wewe una kumi, na mama yetu sote wawili yuko hapo sebuleni anafunga vikombe kwa magazeti. Cheka tu. Ukimaliza endelea kusoma, maana nimeanza hivyo kwa kusudi.

Ni jioni, ingawa jua la Agosti hapa Lewisville halina habari kwamba ni jioni. Nakuona kutoka dirishani. Uko kwenye bwawa la kuogelea na wale watoto wa jengo la pili, unaziba pua, unaruka, unatoka, unaruka tena. Hiyo ni mara ya kumi na moja. Kesho saa tatu asubuhi lori la kukodi litatangulia na vitu, wewe na Mama mtafuata na gari, mwende Stafford, kule karibu na Houston, Mama akaanze kazi kwenye hospitali yake mpya. Mimi nabaki. Chuo kinafunguliwa Denton wiki mbili zijazo, na kule paki ya burudani ninakofanya kazi bado wananihitaji wikendi.

Sitakuandikia habari za kupaka mafuta magotini wala kunywa maji. Mama anayajua hayo. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimewekewa muda: Mama amesema usipolisikia kutoka kwangu kabla ya chai ya kesho, utalisikia kutoka kwake kabla hamjafika Corsicana, kule njiani. Nawe unanijua. Mdomo wangu hukauka. Pale kazini walinipa kipaza sauti siku mbili tu, niwe natangazia watu waweke simu na kofia kwenye masanduku, kisha wakaninyang'anya kwa sababu abiria walikuwa wakiulizana, "Amesema nini huyo?" Basi acha niandike. Kalamu haikauki upesi.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile ya Juni, nilipokupima pale kwenye foleni nikasema hujafika mstari, nilidanganya. Ulikuwa umefika. Ulikuwa umeupita kwa upana wa kidole changu kidogo.

Haya, limeandikika. Nimeenda kunywa maji nikarudi. Sasa nieleze, na kama kuna mahali nitaanza kujitetea, ruka mistari hiyo.

Unakumbuka nilivyoanza kazi ile Machi? Nilikuwa nikirudi nimechoka, jua limenichoma pua, na wewe hujali pua yangu. Unataka kujua treni. Wewe ndiye uliyeiita treni ya popo. Nilikuwa nimekueleza kwamba kwenye rolakosta nyingi, hizo treni za mchezo zinazopanda na kushuka kwa kasi, mtu anakaa juu ya reli kama amekaa kwenye basi, lakini hii yetu reli iko juu na viti vinaning'inia chini yake. Ukasema, kama popo. Nikasema, subiri. Ukishakaa, miguu ikining'inia, kizibao kigumu kinashuka mabegani hadi kifuani, na vibao viwili vinakubana miguuni karibu na vifundo. Kisha, treni ikiwa bado imesimama, viti vyote vinajikunja kwa nyuma na kwenda juu, polepole, hadi kila mtu amelala kifudifudi hewani, uso unatazama sakafu. Ndivyo watu wanavyoondoka. Hakuna kiti chini yao, hakuna kitu mbele yao. Ukauliza, "Na mate yakidondoka?"

Maswali yako yalikuwa hayaishi na mimi nilikuwa sijui lolote. Nilikuwa natakiwa kujua kubana vizibao tu. Ikabidi nimtafute fundi wa zamu ya asubuhi, mtu mzima mmoja mwenye kofia iliyofifia, nikasimama mbele yake mpaka akacheka akaniuliza, "Leo yule mdogo wako ametuma swali gani?" Kwa hiyo yote niliyowahi kukufundisha nilijifunza kwa ajili yako. Nani anaiendesha? Hakuna. Mnyororo unaivuta hadi kilele cha kwanza, kisha unaiacha, na kutoka hapo ni uzito wake wenyewe mpaka mwisho. Kwa nini vilima vya mbele vinazidi kuwa vifupi? Kwa sababu kila ikipita, upepo na msuguano vinaila nguvu kidogo, haiwezi kurudi juu kama ilikotoka. Ile kelele ya tak tak tak wakati wa kupanda ni nini? Ni meno ya chuma yanayoanguka mahali pake moja baada ya jingine, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma hata mita moja. Na mbona haianguki kwenye reli? Kwa sababu magurudumu yanaishika reli pande tatu, juu, ubavuni na chini, kama mkono ulioshika bomba. Asubuhi za baridi inakwenda polepole, maana grisi imeganda. Mchana wa Julai inakimbia hata wenyewe tunaiangalia mara mbili. Na kabla ya kufungua geti asubuhi inazungushwa tupu, kisha na wanasesere wa plastiki waliojazwa maji ili wawe na uzito wa mtu. Ulitaka kujua kama wanasesere nao hupewa mapumziko ya chakula.

Lakini lililokukaa zaidi lilikuwa breki. Nami ndilo lililonikaa. Fundi alinieleza kwamba reli imegawanywa vipande, na treni mbili haziruhusiwi kuwa kwenye kipande kimoja; mwisho wa kila kipande kuna breki. Breki zenyewe, akasema, hazihitaji nguvu ili zishike. Springi zimezibana tayari. Zinahitaji nguvu ili ziachie. Hewa inayosukumwa na mashine ndiyo inayozifungua treni ipite. Umeme ukikatika, mpira ukitoboka, chochote kikiharibika, hewa inatoka, na breki zinarudi kwenye hali yake, nayo ni kushika.

Nilikuambia hayo tukiwa kwenye kochi. Ukafikiri. Ukasema, "Kama wewe ukisinzia mbele ya TV. Ukilala, mkono wako ndio unanishika zaidi."

Nilisema nenda ukaoge.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana usipojua hili hutaelewa Juni.

Mama alipoondoka Nanyuki kuja huku kutafuta kazi ya unesi, ulikuwa na miezi minane na mimi miaka minane. Shosho, nyanya yetu, alikuwa na magoti yake yanayouma. Kwa hiyo kukubeba ilikuwa kazi yangu. Nilikufunga mgongoni kwa leso, nikaenda nawe dukani, nikaenda nawe kuteka maji mfereji ukiwa umekauka, nikafanya hesabu za darasa la tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ulikuwa unaamka. Ulipoanza kusema, neno la kwanza ulinitazama mimi ukasema Mama. Shosho alisema nikurekebishe. Nikakurekebisha siku hiyo, mbele yake. Tukibaki wawili sikukurekebisha.

Jioni ambazo Mama alipiga simu, nilikushikia simu sikioni. Alikuwa anasema, "Makena, ni Mama," na wewe unanitazama mimi kwa macho ya kushangaa, kwamba huyu anayeishi ndani ya simu anasemaje. Mara nyingine nilikuwa nasema mtandao ni mbaya, nakata. Mtandao haukuwa mbaya kila mara.

Ulikuwa na miaka mitano tulipotua hapa. Wewe hukumbuki, au unakumbuka lile jaketi la waridi tu. Mama alikuwa amesimama pale wanapotokea abiria, na jaketi mkononi, ingawa nje kulikuwa na joto kama jikoni. Alikuwa hajui una ukubwa gani, akanunua kubwa. Akapiga magoti, akafungua mikono. Nawe ukajificha nyuma ya sketi yangu ukaniuliza, kwa sauti ambayo hata mtu wa mizigo aliisikia, "Mama, huyu ni nani?"

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Makena. Niliona uso wa mama yangu mwenyewe. Na ndani yangu kulikuwa na kitu kilichofurahi. Kidogo tu, kama mtu aliyeshinda mchezo. Sijawahi kumwambia mtu hili, na sasa nakuambia wewe, kwa sababu ni kitu hicho hicho kilichonyoosha mkono Juni.

Miaka mitano imepita. Mama amekusubiri. Unajua anavyofanya kazi, anatoka zamu anakuta tumekwenda shule, tunarudi tunamkuta anajiandaa kwenda zamu. Nywele zako nilisuka mimi. Fomu za shule nilijaza mimi, yeye akaweka sahihi. Ukiumwa ulikuja kitandani kwangu, na yeye ndiye nesi. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akisimama mlangoni anatutazama, kisha anasema, "Mmekula?"

Halafu ikaja habari ya treni. Ukaniambia unataka kupanda. Nikakuambia lazima mtu awe na inchi hamsini na nne, na ukizifika tutapanda wote, wewe na mimi, viti viwili vya ubavu kwa ubavu. Tukaanza kukupima kila Jumapili baada ya kanisa kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kwa penseli, wewe umevua viatu na umekaza shingo. Ukawa unakula mayai mawili. Ukaning'inia kwenye bomba la pazia la bafuni mpaka likang'oka, ukasema ni paka wa jirani, na sisi hatuna jirani mwenye paka.

Kitu ambacho hukujua ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuipanda. Wafanyakazi wote wapya walishapanda. Mimi kila nilipoambiwa nilisema tumbo linauma. Nilijua kila kufuli lake, nilijua kwamba kila kiti kina kufuli mbili ambazo hazitegemeani, moja ikilegea ya pili inashika peke yake, na kwamba kompyuta haiachii treni iondoke kama kuna kizibao kimoja hakijafunga. Nilijua hayo yote na bado niliogopa. Kujua kitu kinavyofanya kazi na kukiachia mwili wako ni mambo mawili, nami nilikuwa nimekamilisha lile la kwanza tu.

Sasa Juni. Ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake bila kutuambia. Mimi nilikuwa kazini, nimesimama mwanzo wa foleni na ile fimbo ya kupimia. Upande wa pili wa jukwaa alikuwa Espe, yule rafiki yangu Mrundi aliyekuja hapa nyumbani Pasaka akala chapati saba. Mara nasikia kicheko ninachokijua. Nainua macho, ni wewe na Mama. Mama amevaa raba nyeupe mpya na amesuka. Mmeshikana mikono, mnaibembeza. Na wewe unasema, "Mama, ukifika kule juu usifumbe macho, unaahidi? Mama, unaahidi?"

Mama, Mama. Ulikuwa unamwambia yeye, si mimi. Na ulikuwa unamweleza breki. Nilisikia kila neno. "Hazihitaji nguvu zishike, zinahitaji nguvu ziachie." Maneno yangu, niliyoyatafuta kwa fundi.

Mlipofika mbele yangu ulisimama kwenye alama ya miguu bila kuambiwa. Ukakaza shingo. Ulikuwa umefunga nywele zako juu, ile puff kubwa, na sheria inasema nywele hazihesabiwi, kipimo ni kichwani. Hilo ni kweli, na ndipo uongo wangu ulipojificha. Niliweka kiganja juu ya nywele nikazikandamiza. Nilipogusa kichwa niliona mstari, na kichwa chako kilikuwa juu yake. Nikaendelea kukandamiza. Ukakunja magoti kidogo, kwa sababu mtu akikukandamiza kichwa ndivyo mwili unavyofanya. Nikasema, "Bado."

Ukasema, "Dada, nimesimama vizuri?"

Nikasema, "Bado kidogo. Ni nywele tu. Mwaka ujao."

Hukulia. Ungelia ningeweza kugeuza neno langu. Ulisema kwa Kiingereza kwamba hata hivyo hukuwa unataka sana, na wewe husema Kiingereza ukiwa umeumia. Mama akanitazama. Akatazama fimbo. Akasema, "Sawa. Asante, Kagendo," kama anavyomwambia mtu wa kaunta. Mkageuka, mkapita kwa watu mkiomba njia. Nikamsikia akikuambia, "Pole, Makena. Nilitaka tu tufanye kitu kimoja ambacho hujafanya na mtu mwingine."

Treni ikaja. Viti viwili mlivyokuwa mvipate vikaenda vitupu.

Wakati wa mapumziko Espe alikaa karibu nami, akafungua chupa yake ya maji, akasema bila kunitazama, "Yule mtoto alifika."

"Hakufika."

"Kagendo. Mimi macho yangu ni mazima. Nimekulia kambi ya wakimbizi, nilipimwa kila mwezi mkono na kichwa kama mbuzi wa mnada. Najua mtoto anayefika na asiyefika."

Nikasema, "Nilimwogopea."

"Mh. Sasa mbona wewe ndiye unatetemeka?"

Jumapili iliyofuata nilikuita mlangoni na penseli. Ukasema huna haja. Nikakuita na ile nyingine, ukasema umechoka. Ukaacha mayai. Na mwezi uliopita, uliporudi na lile tangazo la timu ya kuogelea, ukasema hutajaribu kwa sababu wanataka watu warefu. Nilikuwa nimesimama na sahani mkononi. Makena, mimi ndiye niliyekutia hilo kichwani. Ulikuwa umejiamini kuhusu kipimo kimoja tu maishani, ukaja nacho kwangu mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na fimbo.

Baada ya siku hiyo ya sahani nilienda kazini nikamwambia supavaisa nataka kupanda. Ilikuwa asubuhi, kabla ya geti, baada ya wanasesere. Espe ndiye aliyenifunga. Alibana kizibao changu, akakivuta, akakisukuma, akapiga vibao vya miguu kwa kiganja, akasema, "Sasa utajua unachowanyima watu." Kisha viti vikaanza kujikunja.

Nikuambie ilivyo, maana umesubiri sana. Kwanza kizibao kinakuwa ndicho kitanda chako. Uzito wote unakaa kifuani na mapajani, na mikono haijui iende wapi. Sakafu iko pale, unaona skrubu na chingamu ya mtu. Kisha sakafu inaondoka. Mnyororo unakushika kwa mshtuko mdogo na meno yanaanza, tak tak tak, na wewe unapanda ukiwa umetanguliza kichwa huku unatazama chini. Niliona paa la kibanda cha popkoni. Niliona kofia ya fundi, na alikuwa akinipungia. Niliona maegesho yote na barabara kuu ya kwenda Fort Worth na malori yanayokwenda kama siafu. Nilikuwa nasubiri hofu. Badala yake nikaona kitu ninachokijua, nikashindwa kujua nimekionea wapi. Kulala kifudifudi hivi. Kifua kimebanwa. Shavu kwenye upepo, ardhi inapita chini polepole, na kazi ya kutembea si yako.

Ni mgongo, Makena. Hivyo ndivyo ulivyolala mgongoni mwangu. Miaka yote ile nilijua uzito wako lakini sikujua ulikuwa unaona nini. Ulikuwa unaona hivi.

Nikacheka kwa sauti, peke yangu, kwenye treni tupu. Halafu mnyororo ukaniachia.

Mengine siwezi kuyaandika vizuri. Kuna mahali treni inapiga mbizi na kujikunja chini ya reli, unageuka chali ghafla, na pale chini kabisa unakuwa mzito, mzito kweli, kama mtu amekulalia, huwezi hata kuinua kidole. Nilidhani nitavunjika. Kisha uzito ukaondoka wote kwa mara moja. Na mwishoni breki zikashika, pss, nikawa naning'inia pale nikitazama sakafu, nikasikia hewa inajazwa, na breki zikaachia taratibu treni iingie kituoni. Nilikuwa nimesikia sauti ile mara elfu nikiwa nimesimama nje. Nikiwa ndani niliitambua kuwa ni kazi. Kuachia ni kazi. Mashine nzima inasukuma ili breki moja iachie.

Nilijiambia nitawaambia jioni hiyo hiyo. Nikasema tumbo linauma. Wiki nne zimepita.

Leo mchana, wewe ukiwa umeenda kuwaaga wale mapacha rafiki zako, nilimkuta Mama jikoni anafunga vikombe. Nikakaa sakafuni nikaanza kumpa magazeti. Nikasema, "Mama, siku ile paki." Mdomo ukakauka. Nikasema tena, "Siku ile paki, Makena alikuwa amefika."

Hakuacha kufunga. Alisema, "Najua."

"Unajua?"

"Kagendo, mimi napima watu kila siku ya Mungu. Nilikuona unavyokandamiza. Hata dobi hakandamizi hivyo."

Nilicheka na nikaanza kulia, vyote pamoja. Nikamuuliza mbona hakusema.

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Niliondoka ukiwa na miaka minane. Nilikufunga mtoto mgongoni kwa mikono yangu mwenyewe, nikaingia kwenye gari. Sasa nije mbele ya foleni, mbele ya wenzako, nikuambie umwachie? Nilisema, mngoje. Atamwachia akiwa tayari."

Nikasema, "Na kama singekuwa tayari?"

"Ningekuwa bado nangoja. Mimi ni hodari wa kungoja." Kisha uso wake ukabadilika, ukawa ule uso wa wodini. "Lakini hayo ni yangu na yako. Yeye ndiye aliyeambiwa ni mfupi. Simpeleki Houston akiwa mfupi. Mwambie kabla ya chai. Usipomwambia, nitamwambia mimi kabla ya Corsicana, na sitalipaka sukari."

Ndiyo maana ya barua hii.

Sasa lile la mwisho. Wiki ijayo mwenye nyumba atapaka rangi fremu ya mlango, na alama zako zote zitaenda. Nimechukua utepe wa Mama wa kupimia nguo, ule wa manjano, nikazinakili zote kwa kalamu isiyofutika, kila Jumapili na tarehe yake. Baada ya alama ya mwisho nimeongeza moja nyekundu. Hiyo ni siku ile ya Juni, Alhamisi, upana wa kidole juu ya hamsini na nne. Hiyo ndiyo ya kweli. Utepe uko ndani ya bahasha hii, na kuna tiketi mbili za wafanyakazi, zinatumika hadi mwisho wa Oktoba. Sikujiandikia yangu. Ni yako na ya Mama. Mje wikendi moja, ni saa nne za barabara, Mama hupenda kuendesha. Mimi nitakuwa jukwaani. Nitakubana wewe, kisha nitambana yeye, kisha nitarudi nyuma ya mstari wa njano na kuinua kidole gumba. Mkifika juu, mkumbushe asifumbe macho. Aliahidi.

Kama umenikasirikia, ni sawa. Kasirika kwa Kiswahili ili nielewe vizuri.

Nimekuandikia lile neno mwanangu hapo juu kwa sababu nilitaka kuliandika mara moja, mchana kweupe, mahali ambapo Mama anaweza kulisoma. Mara nyingine zote nimelitumia kwa kujificha.

Asubuhi, ukimaliza kusoma, nitakuwa chini kwenye gari najifanya napanga mito. Usije kwangu kwanza. Nenda na utepe jikoni kwa Mama, vua viatu, simama kwenye fremu, halafu mniite dirishani. Nitapanda. Mimi nitashika utepe chini, kwenye kisigino chako, na yeye atashika juu na ndiye atakayesoma. Penseli iko juu ya friji.

Na nywele ziache zilivyo. Safari hii sitazigusa.

Dada yako,
Kagendo